Kiti cha Mzee Bonifas

“Mama anaendeleaje?”

Swali hilo lilimkuta Kapteni Yunis mguu mmoja ukiwa bado kwenye ngazi ya ndege, katika uwanja mdogo wa Mikumi, na hapo ndipo tulipomwacha juma lililopita. Nyuma yake watalii walikuwa wakikusanya kamera na kofia zao. Mbele yake, kwenye kivuli cha bawa, alisimama Kanali Optatus, mtu aliyemfundisha kurusha helikopta, amevaa suti nyeusi na viatu vilivyojaa vumbi.

Kwa anayejiunga nasi leo, mambo yako hivi. Yunis ni rubani wa jeshi. Aliomba kuacha kazi kabla ya muda wake, akidai kwamba mama yake mzazi, Bi Magreth wa Mabwerebwere pale Kilosa, amepooza na hana wa kumuuguza. Wakubwa walimwonea huruma, wakampa likizo ya kuuguza huku ombi lake likijadiliwa. Ukweli ni kwamba Bi Magreth alikuwa mzima kama mimi na wewe. Alikuwa analima, anaimba kwaya ya Kianglikana, na hakuwa na habari kwamba anaumwa. Na likizo ile Yunis aliitumia kurusha ndege ya watalii ya kampuni ya Nassir, aliyemwahidi kazi ya kudumu.

Sasa Kanali anauliza hali ya mgonjwa.

Yunis alishuka. Mkono wake ulitaka kupiga saluti, ukaishia njiani, kwa sababu shati alilovaa halikuwa la jeshi. Lilikuwa jeupe, na kifuani lilishonwa nembo ya Nassir, twiga mwenye mabawa.

“Anaendelea hivyo hivyo, afande.”

Kanali aliitazama nembo, akaitazama ndege, kisha akamtazama yeye. Nassir, ambaye alikuwa amekuja kuwapokea wageni wake, aliona hewa imechafuka, akajifanya anashughulika na mabegi.

Hapo Yunis angeweza kusema ukweli na kuumaliza. Badala yake alisikia mdomo wake ukieleza kwamba kile kilikuwa kibarua cha siku moja tu, kwamba dawa za mama zilikuwa zimemshinda, na kwamba anajua amevunja kanuni na yuko tayari kuadhibiwa.

Alitegemea kufokewa. Kanali Optatus alijulikana kikosi kizima kwa kufoka. Lakini mzee yule alishusha macho, akawa anatazama majani yaliyoota pembezoni mwa uwanja.

“Rubani wangu anafikia kufanya kibarua ili mama yake apate dawa,” akasema polepole. “Aibu hiyo si yako, Yunis. Ni yetu.”

Angempiga kofi, Yunis angeona nafuu.

Kanali akaeleza kilichomleta. Kikosi kilikuwa kikipoteza marubani. Kila aliyeiva alichukuliwa na kampuni za watalii, na yeye ndiye aliyepewa kazi ya kutafuta namna ya kuwabakiza. Alikuwa amekuja kumwomba Nassir, kwa ustaarabu, asiwe anawachukua watu kabla hawajamaliza muda wa kulitumikia jeshi lililowasomesha. Lakini mazungumzo hayo, alisema, yangeweza kusubiri.

“Nilikwishapanga nikitoka hapa nipitie Kilosa kumwona mama. Twende wote.”

Hakuna rubani wa cheo cha kapteni anayemwambia kanali kwamba leo haiwezekani. Yunis alikwenda kuchukua begi lake. Nassir akamsogelea, akamnong’oneza kwamba kesho mchana wageni walewale wanarudi, na asipokuwepo yeye atatafuta mwingine. Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kwamba marubani wapo, na wote wana shida zao.

* * *

Gari lilipinda Mikumi mjini likaingia barabara ya Kilosa. Kanali aliendesha mwenyewe. Nyuma, juu ya viti, kulikuwa na kitu kikubwa kimefunikwa shuka la maua, na kila gari lilipoingia shimoni kilitoa mlio wa chuma. Yunis hakuuliza ni nini. Alikuwa na kazi nyingine.

Alikuwa ameilaza simu pajani, upande wa mlango, anaandika kwa kidole kimoja. Meseji ilikwenda kwa mdogo wake, Happyness, anayekaa na mama. *Naja na bosi wangu. Mlaze mama kitandani. Mwambie ajifanye amepooza. Asiinuke.*

Jibu likaja: *Dada unasemaje?*

Likafuata la pili: *Mama anakataa.*

Yunis aliandika haraka kwamba wasipofanya hivyo yeye ataishia jela. Haikuwa kweli, au labda ilikuwa kweli, hakujua. Alituma. Wakati huo Kanali alikuwa akisema jambo, na Yunis alidaka maneno ya mwisho tu, kwamba suti ile nyeusi ni kwa sababu anatoka msibani.

Akamuuliza msiba wa nani.

“Malolo. Mzee Bonifas, baba yake Donati. Tumemzika juzi.”

Yunis akaifunika simu kwa kiganja.

Kapteni Donati alikuwa rubani mwenzake. Walianza mafunzo pamoja, wakala vumbi moja, wakapandishwa cheo siku moja. Na mzee Bonifas, ingawa hakuwahi kumtia machoni, Yunis alimjua kuliko Kanali alivyoweza kufikiri. Kwa miezi mingi Donati alikuwa akija ofisini kwake, anasimama dirishani na kumweleza hali ya baba yake: upande wa kulia umekufa, mdomo umekwenda kando, analishwa kwa kijiko, na akiogeshwa analia kwa aibu kama mtoto. Yunis alisikiliza. Na siku alipoitwa mbele ya wakubwa akaulizwa mama yake anaumwaje, hakuwa na maneno yake, kwa hiyo alitumia ya Donati. Upande wa kulia, mdomo, kijiko, hata yale machozi ya kuogeshwa. Mkubwa mmoja mezani alivua miwani akajifuta macho.

Alifanya hivyo kwa nini? Hakuwa mtu mbaya, na jeshi hakulichukia. Tatizo lake ni kwamba alikuwa amewekwa mezani kwa muda mrefu, anapanga safari za wengine, na kila aliposikia injini nje roho ilimuuma. Nassir alimwahidi kuwa angani kila siku. Angeweza kusimama na kulisema hilo waziwazi. Aliona haya kuonekana anaacha jeshi kwa sababu ya hamu yake mwenyewe, akaona afadhali amtie mama yake ugonjwa.

“Afande, poleni sana,” akasema. “Donati yupo vipi?”

Kanali akasema Donati hajalia. Amekaa tu.

Walipopita Masanze, Yunis alifunua simu. Mtandao ulikuwa umekata, na meseji yake ya mwisho haikuonyesha kama imefika.

* * *

Happyness alikuwa amesimama barazani akisugua mikono kwenye khanga. Alimwamkia mgeni, akamkaribisha, lakini dada yake hakumtazama hata kidogo.

Yunis aliingia chumbani wa kwanza, na akaona kitu ambacho mpaka leo hapendi kukikumbuka. Mama yake alikuwa amelala chali, pazia limeshushwa, amejifunika shuka mpaka kidevuni katikati ya joto la mchana. Mdomo ameuvuta kando. Udenda unamtoka. Mwanamke ambaye parokia nzima ilimwamkia, ambaye hakuwahi kutoka nje bila kufunga kitambaa vizuri, alikuwa ametimuliwa nywele ili aonekane mgonjwa.

Mkono aliokuwa ameulegeza ulikuwa wa kushoto. Yunis aliwaambia wakubwa kulia. Mama na Happyness hawakuwa na namna ya kujua.

Kanali hakuliona hilo. Alipiga goti moja kando ya kitanda.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba,” akasema Bi Magreth kwa mdomo uliopinda, na neno likatoka nusu.

Kanali akajitambulisha. Akamwambia kwamba yeye ndiye aliyemfundisha binti yake, na kwamba kuna siku moja kikosini wakubwa walimuuliza kama ana hakika na maneno ya Kapteni Yunis, akawajibu kwamba anaweza kuweka cheo chake mezani. Akasema kwamba kwa sababu ya habari ya mama huyu, ameweza kuwashawishi waanze utaratibu mpya: rubani anayeuguliwa na mzazi apewe nafasi na heshima, maana mtu aliyeheshimiwa hurudi kazini. Yunis ndiye wa kwanza kupata nafasi hiyo. Wengine wangefuata.

Bi Magreth alisikiliza, macho yameganda darini. Yunis aliegemea ukuta. Alitamani Kanali anyamaze, na Kanali hakunyamaza.

“Nimekuletea kitu,” akasema, akatoka.

Alirudi akisukuma kile kilichokuwa nyuma ya gari. Kilikuwa kiti cha magurudumu. Si kipya. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kitambaa cha bluu, na kitambaa kilikuwa kimekwisha kwa kushikwashikwa.

Kabla mtu hajasema neno, Kanali alimwinamia Bi Magreth, akamnyanyua kama wanavyonyanyuliwa wagonjwa, mkono mmoja mgongoni na mwingine chini ya magoti, akamkalisha. Bi Magreth akakubali kubebwa. Mguu mmoja aliuacha uning’inie. Happyness akatoka chumbani mbio, ameziba mdomo.

“Sasa utaweza kukaa barazani upate upepo,” akasema Kanali. Akachuchumaa, akaanza kumpangia miguu. “Kiti hiki kina wenyewe, mama, na napenda uwajue. Kilikuwa cha mzee Bonifas wa Malolo. Mwanawe, Donati, naye ni rubani wangu. Juzi tulipotoka makaburini alikitoa mwenyewe ndani akanikabidhi. Akasema baba hakihitaji tena, nikampe mama yake Yunis.”

Alipoendelea, sauti haikuwa tena ya kanali.

“Kuna jambo jingine ambalo Yunis halijui. Donati naye aliomba likizo ya kumuuguza baba yake, wiki ileile Yunis alipoomba. Tuko wachache, isingewezekana waondoke wote wawili. Nikamwita Donati nikamwuliza. Akasema, mwache Yunis aende kwanza. Mimi baba yangu anaangaliwa na mama yangu, lakini mama yake Yunis ni mjane. Basi Donati akabaki kazini. Baba yake amekufa yeye hayupo.”



Chozi lilimtoka Bi Magreth. Likashuka shavuni, likafika pembeni mwa mdomo, na yeye akainua mkono akalifuta. Ulikuwa ule mkono wa kushoto.

Kanali aliuona. Alibaki amechuchumaa, ameshika unyayo wa Bi Magreth, anatazama mkono ule unavyorudi pajani polepole, mzima, wenye nguvu, una udongo wa shamba chini ya kucha.

Bi Magreth akaunyoosha mdomo. Akashika pande zote mbili za kiti, akasimama.

“Baba,” akamwambia Kanali, “mimi siumwi. Nililala kwa sababu niliambiwa mwanangu atafungwa. Lakini kiti cha marehemu siwezi kukikalia. Kirudishe kwa wenyewe.”

* * *

Msomaji, usidhani Kanali alifoka. Yunis aliomba Mungu afoke.

Kanali aliinuka kwa shida, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mahali palepale palipokuwa pamelaliwa na mgonjwa wa uongo. Akakaa hapo akijitazama mikono. Alipozungumza, hakumuuliza Yunis kwa nini. Alisema yeye ndiye aliyemwambia Donati asubiri. Alisema maneno hayo mara mbili, kama mtu anayejifunza lugha.

Yunis alipiga magoti sakafuni. Akasema yuko tayari kwa lolote, avuliwe cheo, apelekwe mbele ya mahakama ya kijeshi, afungwe.

“Hayo yatakuja,” akasema Kanali. “Lakini Donati anapaswa kuambiwa, na si kwa barua ya ofisi.”

“Afande, hilo naomba usinitume.”

“Sikutumi. Siwezi kukuamuru kitu leo, Yunis. Wewe uko likizo, unamuuguza mama.”

Alimuaga Bi Magreth kwa heshima, akamwomba radhi kwa kumshika mwili wake bila ruhusa. Hilo lilimtia Bi Magreth kilio kuliko yote. Kisha akaondoka, na gari lilipokwisha kupinda kona ndipo walipoona kwamba kiti amekiacha barazani.

Kiti barazani ni tangazo. Haukupita muda Bi Mwanvua, jirani wa upande wa pili, akaja na bakuli la uji, anauliza nani ameanguka. Happyness alianza kubuni jibu. Mama yake akamzuia kwa mkono, akalipokea bakuli yeye mwenyewe, na akiwa amesimama wima akamweleza Bi Mwanvua kila kitu, tangu meseji hadi udenda. Hakupunguza wala kujitetea. Bi Mwanvua alisikiliza, akaangalia chini, akasema tu kwamba uji utapoa.

Alipokwisha kwenda, Bi Magreth alimgeukia binti yake mkubwa.

“Ungeniambia unataka kuacha jeshi, ningekuombea upate kazi nzuri. Mbona hukuniambia?”

Yunis akaanza kukifuta kiti vumbi kwa kiganja.

“Baba yako alipokufa sikuona haya kuomba unga kwa watu ili usome. Leo nimeona haya ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Sijui Jumapili nitasimamaje kuimba.”

Akaingia ndani kufunga kitambaa chake kichwani upya.

* * *

Asubuhi Yunis alikisukuma kiti mpaka stendi ya Kilosa. Kilikuwa chepesi, lakini alitembea kama anayebeba gogo. Watu walimpisha. Kondakta wa basi la Mikumi alikifunga juu ya keria kwa uangalifu, akamtengea siti ya mbele, akampa pole na kumuuliza mgonjwa wake yuko wapi.

“Hakuna mgonjwa,” akasema Yunis.

Kondakta akaelewa vibaya. Akavua kofia, akasema Mungu ampumzishe. Yunis akafumbua kinywa amsahihishe, basi likaondoka, na jambo hilo likabaki hivyo.

Nassir alipiga simu walipokuwa wanaingia Mikumi. Alitaka kujua kama yuko njiani, wageni wanamsubiri. Yunis alimwambia haji, na kwamba hatakuja tena. Nassir hakubembeleza. Alisema sawa, kila la heri, akakata. Yunis alikaa akiitazama ndege moja ndogo ikishuka mbali juu ya mbuga, na kwa mara ya kwanza tangu utoto hakutamani kuwa ndani yake.

Akabadili basi, akaelekea njia ya Iringa, akateremka njia panda ya Malolo, akapanda bodaboda, kiti kimefungwa nyuma yake kwa mipira. Njia nzima alikuwa akipanga maneno. Angemwita Donati pembeni. Angemwambia yote kabla hajamwuliza lolote. Angekiweka kiti chini na kusimama hapo mpaka Donati amalize kusema anachotaka kusema. Alirudia maneno yale mpaka yakakaa sawa kichwani.

Nyumba ya marehemu haikuhitaji kuulizwa. Turubai lilikuwa bado limesimama uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka, wanaume kwenye mabenchi upande wa pili. Yunis alimlipa wa bodaboda, akakikunjua kiti kwa sababu hakikubebeka kikiwa kimekunjwa, akaingia uani akikisukuma kikiwa kitupu.

Donati alimwona kwanza. Alikuwa amenyoa kichwa, amekonda, ameshika kikombe cha chai. Alikitazama kiti. Akamtazama aliyekisukuma. Kikombe kikamtoka mkononi.

“Yunis,” akasema. “Na wewe pia?”

Yunis hakuelewa. Alielewa Donati alipomfikia, akamkumbatia na kuanza kulia, kilio chote ambacho Kanali alisema hakijatoka. Kiti kilitolewa majuzi kumpelekea mgonjwa. Kiti kimerudi kitupu. Nani asingefikiri alivyofikiri Donati?

“Mama yake amefariki,” Donati akawaambia waliokaa nyuma yake.

Na ua wote ukaangua kilio. Wanawake wasiomjua Yunis waliinuka kwenye mikeka yao wakaja kumshika. Mmoja akamfunga khanga kiunoni. Mwingine akampangusa vumbi usoni kwa pindo la nguo yake. Wazee wakasimama mabenchini, wakavua kofia. Walimlilia Bi Magreth wa Mabwerebwere, ambaye saa hiyo alikuwa shambani anapalilia, kwa sauti ileile waliyomlilia mzee Bonifas. Maneno yote aliyoyapanga Yunis njiani yakayeyuka. Hakukuwa na pembeni pa kumwita mtu.

Angeweza kunyamaza. Hilo nalo lilimjia, msomaji, sitakuficha. Angeweza kulia nao, kula chakula chao, kisha kuondoka, na mama yake angebaki maiti Malolo na mzima Kilosa.

Akaishika mikono ya Donati, akaiondoa mabegani mwake.

“Mama yangu mzima,” akasema. Walio karibu hawakusikia, akarudia kwa sauti kubwa zaidi. “Mama yangu yupo mzima. Hajafa, na hajawahi kuumwa. Nilidanganya ili niache jeshi. Nafasi uliyonipa ilikuwa yako.”

Kilio kilikatika vipande vipande, kwa walio mbele kwanza, kisha kwa walio nyuma walioelezwa na wa mbele. Mwanamke aliyemfunga khanga alirudi, akalifungua fundo, akaichukua.

Donati hakumpiga. Hakumtukana. Alikifuta kichwa chake kilichonyolewa kwa kiganja, mara moja, akakaa kwenye mkono wa kile kiti.

“Leo asubuhi kuna mtu anaitwa Nassir amenipigia,” akasema. “Anatafuta rubani. Nilimwambia hapana, nina kikosi changu, wenzangu wananisubiri.” Akatoa simu mfukoni. “Wenzangu ni nani, Yunis? Nitajie mmoja.”

Yunis akataka kumtaja Kanali Optatus. Akaacha, kwa sababu Kanali naye alikuwa amemwambia Donati asubiri, na sababu ya kusubiri ilikuwa imesimama hapo mbele yake.

Donati akaanza kutafuta namba.

“Weka hiyo simu,” ikasema sauti kutoka kwenye mikeka.

Alikuwa mama yake Donati, mjane wa mzee Bonifas, mwanamke mdogo wa umbo. Wanawake walimpisha. Hakuinuka. Aliupigapiga mkeka kando yake, mahali ambapo jirani yake alikuwa amesogea.

“Wewe binti, njoo ukae hapa.”

Yunis akaenda, akapiga magoti, akamwamkia. Mjane hakuitikia shikamoo yake, na kila mtu pale uani aliona kwamba hakuitikia.

“Mume wangu alimwita mwanawe mpaka sauti ikaisha,” akasema. “Kila alipoita nilimwambia mwanao yuko kazini, kuna kazi kubwa ya nchi, akimaliza atakuja. Akaamini. Akafa anaamini. Sasa mimi nataka kujua nilikuwa namwambia nini mume wangu. Anza mwanzo. Na Donati asikie, kabla hajampigia mtu yeyote.”

Donati alikuwa ameshika simu, kidole kiko juu ya jina la Nassir.

Yunis akakaa kwenye mkeka wa wafiwa, akaanza kusema.